Masolwa na Maswali Mia Tatu na Kumi

Katika kijiji cha ujamaa cha Jitihada, upande wa Ulyankulu, hapakuwa na mtu aliyeijua katekisimu kumpita Masolwa, na hapakuwa na mtu aliyekuwa mbali na ubatizo kumpita yeye. Ukitaka kucheka cheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Maswali yote mia tatu na kumi alikuwa nayo kichwani, kwa mfuatano na kinyumenyume. Ungemwamsha usingizini ukamtajia mia na arobaini na mbili, angekujibu kabla hajafumbua macho. Bibi vizee waliokuwa wakiuchanganya Utatu Mtakatifu na Familia Takatifu aliwakalisha nyuma ya nyumba yake wakimenya karanga, na mwezi haukwisha walikuwa wakijibu bila kukwama. Kwa miaka kumi na mmoja aliwafundisha watu, wakabatizwa, wakapewa majina mapya na rozari nyeupe, wakampita. Yeye alibaki Masolwa vilevile.

Sababu ilikuwa ndogo. Kila mwaka, padri alipokuja kuwapima wakatekumeni, yaani wanaosomea ubatizo, Masolwa alijibu yote ya kitabuni mpaka padri mwenyewe akachoka kuuliza. Kisha padri alifunga kitabu, akauliza moja ambalo kitabuni halimo: "Na wewe mwenyewe, Masolwa, haya unayaamini?"

Masolwa alikuna kidevu, akatazama nje, akafikiri kwa haki kabisa. "Bado, Padri."

Basi anaahirishwa. Mwaka unapita, karanga zinamenywa, wengine wanabatizwa, na Masolwa anaulizwa tena. "Bado, Padri."

Msidhani alikuwa mkaidi. Alikuwa mrina asali, na mrina asali anayesema mzinga umeiva wakati haujaiva hula majana ya nyuki badala ya asali, na aibu juu yake. Alizoea kupanda mtini, kutia jicho, na kushuka akisema alichokiona. Ugonjwa huo alikuwa nao hata chini ya mti. Mwaka wa sabini na nne, Operesheni ilipowahamisha watu kutoka maporini na kuwapanga kwenye mistari ya nyumba iliyonyooka, bwana mmoja wa wilaya alisimama juu ya trela la trekta akauliza, "Wananchi, mmefurahi?" Kijiji kizima kikaitikia ndiyo. Kelele ilipotulia ikasikika sauti moja tulivu ikisema, "Bado." Masolwa alishinda siku nzima ofisi ya kata akieleza maana ya neno hilo, na akarudi jioni bila kulibadilisha.

Sasa, mtu kama huyo angeishi na bado zake raha mustarehe, kama si mkewe.

Paskazia alibatizwa akiwa mchanga. Masolwa alipokwenda kumposa, wazee walipokea ng'ombe, na yeye akaahidi kwamba atasoma dini, abatizwe, kisha wafunge ndoa kanisani. "Mwaka mmoja tu," walisema. Wakaanza kuishi pamoja kwa ndoa ya nyumbani, na kwa kuwa ndoa hiyo Kanisa halikuibariki, Paskazia hakuruhusiwa kukomunika. Mwaka mmoja ukawa kumi na mmoja. Walipata watoto watatu, na wote wakabatizwa; mmoja wakamzika.

Ilipofika saa ya Komunyo, wanawake wote wa upande wa kulia walinyanyuka na kwenda mbele, na Paskazia alibaki peke yake kwenye gogo la kukalia. Mtu akibaki peke yake kanisani, macho yote yanamjia, hata yale yaliyofumbwa kwa sala. Kwa hiyo aliinama, akaanza kufunga viatu. Aliendelea kufunga mpaka watu wamerudi. Naye alikuwa akivaa katambuga za tairi la gari, ambazo hazina kamba.

Hakuwahi kumlaumu mumewe. Ndiyo balaa lenyewe. Mke mwenye kelele unamjibu, mnagombana, yanakwisha. Mke anayekutilia maji ya kuoga na kukuuliza kama nyuki wameingia mzingani, utamfanya nini? Masolwa aliketi upande wa wanaume, akamwona mkewe ameinamia viatu, kila Jumapili.

Pasaka ya mwaka huo binti yao mkubwa, Veneranda, alipata Komunyo ya kwanza. Aliporudi kutoka mbele, gauni jeupe, mikono imefumbatwa, alimwinamia mama yake akanong'ona kwa sauti ya mtoto, yaani kanisa zima likasikia: "Mama, kwa nini wewe huendi? Umefanya nini?"

"Viatu," Paskazia alisema.

Masolwa alitoka nje. Aliwaambia watu kwamba moshi wa ubani umemwingia machoni, na siku hiyo ubani haukuwashwa. Ndipo alipoamua kwamba mwaka huu ataongopa.

*

Padri wa mwaka huo alikuwa mgeni, Padri Kaijage, kijana wa Kihaya kutoka Bukoba, mwenye pikipiki na miwani. Alikuwa na miezi minne tu Unyamwezini. Mei ilipoanza alikuja kuwapima waliotaka ubatizo wa Pentekoste. Masolwa alimjibu kumi na mawili ya kitabuni bila kupepesa. Kijana akafunga kitabu, akavua miwani.

"Na wewe mwenyewe, mzee wangu, unayaamini haya?"

"Naamini, Padri."

Neno lilitoka jepesi sana. Alidhani lingekwama, lingemkata ulimi, paa lingeshuka. Kumbe lilitoka kama lilikuwa likisubiri mlangoni. Anton, katekista wa kigango, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari, alidondosha kalamu. Kwa miaka kumi na mmoja wenzake wa parokia walikuwa wakimcheka kwamba mwanafunzi wake bora ni mpagani. Machozi yalimtoka pale pale.

"Vizuri," Padri Kaijage alisema. "Jina gani la ubatizo?"

Masolwa alishtuka. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikishwa kwenye swali hilo. "Nipe lolote lililobaki," akasema.

Padri akaandika Petro. Naye Masolwa, aliyeijua habari ya mateso neno kwa neno, alimkumbuka Petro alivyokana pale motoni kabla jogoo hajawika, akaona tayari amejulikana. Alitoka nje akitokwa jasho.

Kijijini habari ilikimbia. Mwenyekiti wa kijiji alimpa mkono. Bibi vizee aliowafundisha walikuja kumpongeza wakiwa na karanga zao.  Paskazia alikwenda kwa jirani kuazima cherehani, akafungua kitambaa cheupe ambacho Masolwa hakujua kama kipo, maana kilikuwa kimekunjwa chini ya sanduku tangu mwaka wa ahadi, akaanza kushona gauni huku akiimba. Nyimbo zote alizokuwa nazo. Masolwa alimsikiliza kutoka uani, na kila ubeti ulimchoma.

Siku ya tatu hakuweza tena. Alimfuata Anton, akamkuta nyumbani anafunga tumbaku ya kijiji mafungu mafungu.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele na milele, amina. Karibu, Petro!"

"Subiri kwanza na hilo. Nataka kuungama."

Anton alicheka. "Huwezi. Hujabatizwa."

"Basi nikibatizwa nitaungama?"

"Ukibatizwa hutakuwa na cha kuungama. Ubatizo unafuta dhambi zote zilizotangulia. Ni swali la mia mbili na..."

"Na tatu, nalijua. Sasa sikiliza, mwalimu. Kuna mtu ameiba ufunguo. Kafungulia nyumba. Humo ndani kakuta barua yenye mhuri inayosema wizi wote umesamehewa, hata wa ufunguo. Huyo ni mwizi au si mwizi?"

Anton aliweka chini fungu la tumbaku. "Nyumba ya nani?"

"Ya Mungu."

"Basi Mungu si angefunga vizuri?"

"Mwalimu, ufunguo umeibwa! Nakuuliza: ile barua inamfaa, au kwa kuwa aliingia kwa wizi haimfai, na kama haimfai, basi hajaingia, na kama hajaingia, ufunguo kauiba wa nini?"

Anton alijishika kichwa. "Masolwa, mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Umefanya nini? Sema."

Masolwa alimtazama. Aliona macho yale yaliyotoa machozi ya furaha juzi, akaona daftari mezani, jina lake limepigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Uoga ukamshika.

"Nauliza tu," akasema, akaenda zake.

*

Palikuwa na mtu mmoja kijijini ambaye ungeweza kumwambia lolote, kwa kuwa hakuna ambaye angemwamini akilirudia. Huyo ni Mabruki, fundi bati. Alikuwa Mwislamu wa Tabora mjini, aliyefuata kazi ya kutengeneza ndoo na vibatari vya kijiji akaoa na kukaa. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyefika na misafara ya zamani, na Wazaramo na Wanyamwezi, kama ajuavyo kila mtu isipokuwa mgeni, ni watani. Tangu wazee wao walipotembea pamoja njia ile ndefu ya pwani wakila vumbi moja, Mzaramo ana ruhusa ya kumtukana Mnyamwezi msibani, kumnyang'anya kofia harusini, kulala kaburini kabla maiti hajashushwa, na Mnyamwezi hana ruhusa ya kununa. Akitaka mtani aondoke, amlipe kuku.

"Shikamoo mpagazi," Mabruki alimwita toka mbali, ingawa walikuwa rika moja. "Umeuacha wapi mzigo wa babu yangu?"

"Babu yako alikuwa ameukalia. Nimeutupa na yeye humo humo."

"Mbona uso umekuwa wa mtu aliyekula sabuni?"

Masolwa aliketi juu ya debe, akamweleza yote, tangu viatu visivyo na kamba mpaka ufunguo. Mabruki alicheka mpaka akaacha chuma cha kulehemu kipoe. Alicheka hasa pale pa jina la Petro. Kisha akauliza, "Mama Veneranda anajua?"

"Hajui."

"Mwambie."

"Ameshamaliza kushona mikono ya gauni. Anaimba, Mabruki. Kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kumsikia anaimba hivyo. Nitamwambia kwa mdomo gani?"

 Mabruki alikigeuza kibatari mkononi, akakitazama tundu lake, akakiweka chini. Hakutania tena siku hiyo, na Masolwa aliondoka akiwa na hofu kuliko alivyokuja.

*

Ndoa ya kanisa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Jumapili ya kwanza Anton alitangaza, hakuna aliyesema. Ya pili vilevile. Ya tatu alikuja Padri Kaijage mwenyewe kusoma Misa, na baada ya mahubiri akafungua karatasi.

"Natangaza kwa mara ya tatu ndoa kati ya Masolwa, mwana wa Ngollo, mkatekumeni atakayebatizwa siku ya Pentekoste, na Paskazia, binti Luhende, mkristo. Anayejua kizuizi chochote, anatakiwa aseme."

"Ninacho mimi!"

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakageuka. Mabruki alikuwa amesimama kizingitini, kofia ya kufuma kichwani, kanzu ya Ijumaa, mkononi kashika kikaango kipya. Watu walianza kucheka kabla hajasema la pili. Ndoa bila mtani, ndoa gani? Walikuwa wameanza kushangaa mbona kachelewa.

"Mimi Mabruki bin Shaban," akasema, "mtani wa hawa wabeba mizigo wote mliowajaza humu. Nasema huyu Masolwa ni mwongo!" Akagonga kikaango kwa kijiko. "Kamwongopea Padri! Kasema anaamini, haamini! Haamini hata cha kupaka ukuchani!"

Bibi vizee walipiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji aliinama akishika mbavu.

"Mnajua anachokitaka?" Mabruki aliendelea, na sauti yake ikashuka kidogo, lakini nani angesikia kushuka kwa sauti katika kelele ile. "Mkewe anamtaka Mungu. Yeye anamtaka mkewe. Basi! Imani yake yote ndiyo hiyo!" Kikaango kikalia tena.

Kanisa lilikuwa limekwisha kwa kicheko. Watu walikuwa wakilaliana mabegani. Ndipo Masolwa aliposimama. 

"Ni kweli," akasema.

Kicheko kikaongezeka maradufu.

"Nasema ni kweli! Niliongopa! Siamini... au sijui kama naamini. Najua majibu tu. Msicheke!"

"Masolwa naye leo kajua utani!" bibi mmoja alilia, machozi yakimtiririka. Na wewe mtazame binadamu alivyo. Kwa miaka kumi na mmoja Masolwa alisema kweli, wakamsikitikia. Akaongopa, wakampa mkono. Sasa amerudi kwenye kweli mbele ya altare, wanaanguka kwa kicheko. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyomsifu kwa kuigiza vizuri.

"Mlipeni mtani wetu aende, Misa iendelee!" mwenyekiti akapaza sauti. Mtu akaenda kwenye kapu la matoleo, akachukua kuku aliyefungwa miguu, akampa Mabruki. Mabruki alimkumbatia kuku wake, akainamia kanisa kwa adabu, akaondoka.

Watu wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa Padri Kaijage, ambaye alikuwa ameona kuku wa sadaka anatoka mlangoni kwapani mwa Mwislamu, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Mwingine alikuwa Paskazia. Alikuwa akimtazama mumewe, na alimjua mumewe.

*

Misa ilipokwisha walikutana nyuma ya kanisa, penye kivuli cha ukuta.

"Baba Veneranda," Paskazia alisema. "Uliongopa?"

"Niliongopa."

"Kwa ajili yangu."

"Nilichoka kuviona vile viatu, mama."

Paskazia alifunika uso. Alidhani hakuna aliyewahi kuona. Alipoufunua alikuwa na hasira ambayo Masolwa hakuwahi kuiona, na kwa kuwa haikuwa na mazoezi ilitoka yote kwa mkupuo.

"Wenzangu waume zao wanabatizwa Jumamosi, Jumapili wako kilabuni. Mimi nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo! Nikasema wangu akisema bado, ni bado. Akisema nakupenda, ni nakupenda. Sasa umemwongopea padri ili unifurahishe mimi. Kesho ukiniambia chakula kitamu, nitajuaje? Ukiniambia jambo lolote, Masolwa, nitajuaje?"

Masolwa aliyapekua mia tatu na kumi yote kichwani. Jibu la hilo halikuwamo.

"Na unadhani mimi nimewahi kuulizwa?" Paskazia aliendelea, sasa analia. "Nilibatizwa sina hata meno. Aliyejibu 'nasadiki' ni mama wa ubatizo. Mwaka ule tulipomzika mtoto, kama padri angenijia na swali lake siku ile, ningemjibu nini? Wiki tatu sikusali. Kisha ikarudi, sijui ilitokea wapi. Inakuja, inaondoka. Lakini nilikuwa naitaka ile Komunyo. Naitaka hata sasa. Na gauni nimeshashona."

Masolwa alitaka ardhi ipasuke immeze. Alimpenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote alichowahi kukitolea jibu, na alikuwa amemharibia mara mbili: kwanza kwa kweli yake, kisha kwa uongo wake.

Padri Kaijage alikuja akikunja stola yake ya shingoni, Anton nyuma yake uso umempauka.

"Mzee Masolwa," Padri alisema, "yule mtu alikuwa anafanya mzaha?"

"Ndiyo, Padri. Lakini aliyoyasema ni kweli."

"Sasa watu walikuwa wanacheka nini?"

"Ni mtani wetu, Padri."

Padri alifikiri. "Kwetu Bukoba mtu akisema hivyo kanisani, anatolewa nje."

"Huku anapewa kuku."

Padri alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Basi hatutakubatiza Pentekoste," akasema taratibu. "Unaelewa?"

"Naelewa. Ndivyo nilivyotaka kusema pale ndani. Ila mke wangu, Padri. Yeye hana kosa."

"Mkeo?" Padri alishangaa. "Mkeo anahusikaje? Mnaishi kwa wema, watoto mmewabatiza. Yeye ni mkristo, wewe bado. Anaombewa ruhusa kwa Askofu, ndoa inafungwa hivyo hivyo, anapata sakramenti zake. Ruhusa yenu iko wapi?" Akamgeukia Anton. "Katekista, ruhusa haikuombwa?"

Anton aliangalia miguu yake. "Padri, mtu anayejua maswali yote mia tatu na kumi, ruhusa ya nini? Mapadri wote waliokutangulia walisema, huyu ni mwakani tu. Kila mwaka tulisema mwakani."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Hiyo ruhusa," Paskazia aliuliza kwa sauti ndogo sana, "inachukua nini?"

"Barua," Padri akasema. "Ukurasa mmoja."

"Ukurasa mmoja," Paskazia alirudia. Akamtazama Anton. Anton alirudi hatua tatu mpaka akawa nyuma ya Padri, na huko akabaki mpaka mama yule alipokwenda zake.

*

Ruhusa ilifika kutoka Tabora mwezi wa nane, na ndoa ikafungwa siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Kijiji hakikuelewa. Wengine walisema Mabruki kazidisha utani mpaka umeshika. Mabruki mwenyewe alikuja kudai kuku wa pili, akisema yule wa kwanza alikuwa wa uchumba. Gauni jeupe lilikuwa limebana kiunoni, maana kitambaa kilinunuliwa kwa mwili wa miaka kumi na mmoja nyuma, na Paskazia hakujali hata chembe. Aliposimama na wanawake wenzake akaenda mbele, Masolwa alibaki peke yake kwenye gogo. Alitazama mgongo wa mkewe ukienda, akalia waziwazi, na safari hii hakuwaambia watu habari ya ubani.

Kila mtu alijua kwamba sasa hatamwona tena darasani. Alichokitaka kimepatikana; mkewe amekomunika; masomo ya nini? Jumatatu iliyofuata Anton alifungua darasa la wakatekumeni wapya, bibi vizee wanne na vijana wawili, na Masolwa akaingia akaketi gogo la mbele.

Anton alikohoa. Tangu habari ya ile barua alikuwa mpole mno. Akafungua kitabu. "Tuanze na la kwanza..."

"Mwalimu," Masolwa alisema, akiwa amenyoosha mkono. "Nina swali mimi."

Darasa liligeuka. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kujibu. Hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza kitu mle ndani.

"Baba yangu Ngollo alikufa kabla habari hizi hazijafika kwetu. Alikuwa mtu mwema, hakumdhulumu mtu hata tone la asali. Tulipohamishwa tuliliacha kaburi lake kule porini, na sasa limeota majani, sijui nani anapita kumsalimu. Nimeogopa kuuliza hili siku zote. Yuko wapi?"

Bibi mmoja aliacha kumenya karanga. Jibu lilikuwamo kitabuni, na kwa mtu aliyekufa bila ubatizo halikuwa jema. Anton alijua ukurasa wake, na Masolwa alijua namba yake, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Kidole cha Anton kilianza kufunua kurasa, kikafika, kikasimama hapo. Kisha akafunga kitabu akakiweka magotini.

"Wangu naye alikufa hivyo hivyo," akasema. "Sijui, Masolwa. Namwuliza Mungu kila siku kabla sijalala. Sijapata jibu."

Masolwa alimtazama. Alikuwa amesikia majibu mengi kutoka kinywani mwa mtu huyu, na hili ndilo la kwanza alilolisadiki.

"Basi leo tutamwuliza wawili," akasema.